Dawa ya Jino Si Kung'oa: Ushauri kwa Wenye Sukari na Presha wa Stanmore

Nimeulizwa swali hili harusini, nimeulizwa msibani, na zaidi ya mara moja nimeulizwa nje ya stesheni ya Stanmore, pale mwisho wa reli ya Jubilee ya London, nikisubiri basi: "Mimi nina sukari, na sasa meno yanaanza kucheza. Mambo haya yanahusiana?" Mwingine ana presha, na fizi zimemvimba hata meno yanaonekana mafupi. Mwingine sukari haimshuki ingawa anameza dawa zake zote na wali wa usiku ameshauacha, na hajui tena aangalie wapi.

Wanaouliza ni watu wa asili mbalimbali: familia zilizotoka Kampala mwaka 1972, zilizotoka Zanzibar baada ya 1964, na waliofika juzi kutoka Mombasa, Dar es Salaam na Bujumbura. Wote tumekua na msemo mmoja, kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Msemo huo ulikuwa na maana yake mahali ambapo zahanati ilikuwa na koleo tu. Hapa tulipo unatuumiza.

Mimi si daktari. Ninayoyajua nimeyapata kwa kuwasindikiza wazee wangu na kuwatafsiria, mwezi huu kliniki ya sukari, mwezi ujao kwa daktari wa meno, na kwa kusoma miongozo ambayo madaktari wenyewe huifuata. Jambo moja nimeliona kila mara: vyumba hivyo viwili havizungumzi. Mgonjwa ndiye mjumbe kati yake. Nimeandika ili uifanye kazi hiyo ya ujumbe vizuri.

## Jibu kwa ufupi

Ndiyo, yanahusiana, na uhusiano wenyewe unakwenda pande zote mbili.

Sukari ikiwa juu, fizi hushindwa kupigana na vijidudu vya ukoga, hivyo ugonjwa wa fizi huja mapema na kwa ukali. Fizi zikishaugua, uvimbe wake hauishii mdomoni. Unaingia kwenye damu na kuufanya mwili uzidi kuikataa insulini. Sukari inaharibu fizi, fizi nazo zinapandisha sukari.

Habari njema ni kwamba mzunguko huu unakatika. Mwaka 2018 watafiti wa Eastman, taasisi ya meno ya University College London, walitoa matokeo ya wagonjwa 264 wenye sukari ya aina ya pili na ugonjwa wa fizi. Baada ya miezi 12, waliotibiwa fizi kwa kina walikuwa na kipimo cha sukari cha HbA1c kilicho chini kwa takriban pointi 0.6 za asilimia kuliko wenzao waliosafishwa meno kijuujuu. Mwaka 2022 NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba ya Uingereza, iliwataka madaktari wawaambie wagonjwa wa sukari kuwa wako katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa fizi, na kuwa kuutibu kunaweza kusaidia kudhibiti sukari.

Kuhusu moyo, wenye ugonjwa mkali wa fizi huonekana zaidi miongoni mwa wanaopata maradhi ya moyo na kiharusi. Asikudanganye mtu, hata hivyo, kwamba kusafisha meno kumethibitishwa kuzuia shambulio la moyo. Baadhi ya sababu za maradhi haya ni zilezile za meno kuharibika, yaani tumbaku na sukari nyingi katika chakula, kwa hiyo ukizipunguza umelinda vyote.

## Dalili za kutopuuza

Ugonjwa wa fizi hauumi mpaka umefika mbali. Usisubiri maumivu. Angalia haya:

- Damu kwenye mswaki, au damu ukiuma tunda.
- Fizi nyekundu, zilizovimba, au zilizorudi nyuma hata meno yanaonekana marefu.
- Harufu ya mdomo isiyoondoka hata baada ya kupiga mswaki.
- Jino linalocheza, au meno yaliyoanza kuachana.
- Kinywa kikavu, hasa usiku.
- Utando mweupe mdomoni au pembe za midomo zinazopasuka, dalili za fangasi zinazowapata sana wenye sukari.

Ukivuta sigara, jihadhari zaidi. Tumbaku hupunguza damu kwenye fizi, hivyo fizi zako zinaweza kuwa mbovu bila kutoa hata tone.

## Wewe ndiye mjumbe

Kila mwaka mgonjwa wa sukari hapa huitwa kukaguliwa. Wanapima damu, presha, kolesteroli, figo, mkojo na uzito, wanagusa nyayo, wanauliza habari za sigara, na unapangiwa kupigwa picha ya macho. Mdomo haumo katika orodha hiyo. Na daktari wa meno kwa kawaida haoni faili lako la GP. Usiposema, hajui.

Fanya hivi:

1. Chukua karatasi moja. Andika maradhi yako, dawa zote na vipimo vyake, na kila dawa inayokudhuru. Usiandike "kidonge cheupe cha presha". Nakili jina kutoka kwenye boksi, au piga picha maboksi yote kwa simu.
2. Andika HbA1c yako ya mwisho. Utaipata kwenye programu ya NHS au kwa kupiga simu mapokezi ya GP. Hapa inaandikwa kwa kipimo cha mmol/mol: 48 ndipo sukari inapoanza kuitwa ugonjwa, nayo ni sawa na asilimia 6.5 ya kipimo cha zamani. Usiichanganye na namba ya mashine ya kidole.
3. Mpe daktari wa meno karatasi hiyo kabla hujakaa kitini, na umuulize: "Je, nina ugonjwa wa fizi? Umefika wapi?" Mwombe akupime kina cha fizi kuzunguka kila jino.
4. Rudisha jibu kwa nesi wa sukari. Mwambie: "Nimeambiwa nina ugonjwa wa fizi, naanza matibabu." Mwombe aandike kwenye faili.
5. Linganisha namba. Kipimo cha HbA1c hubeba habari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Usipime wiki mbili baada ya kusafishwa fizi ukavunjika moyo.

Kama mzee wako hakijui Kiingereza vizuri, ombeni mkalimani mnapopanga miadi. NHS haimtozi mgonjwa kwa huduma hiyo. Usimpeleke mjukuu wa miaka 10 akatafsiri habari za damu na kung'oa.

## Dawa zako na mdomo wako

Hapa ndipo nimeona watu wakiteseka bila sababu.

- Amlodipine na nifedipine. Watu wengi wenye asili ya Afrika huanzishiwa tiba ya presha kwa dawa za kundi hili. Kwa baadhi yao fizi hukua na kufunika meno, hasa pale palipo na ukoga. Usiache dawa mwenyewe, presha itakuua kabla ya fizi. Mwonyeshe daktari wa meno, kisha GP. Usafi mzuri hupunguza tatizo, na dawa inaweza kubadilishwa.
- Dawa zinazokausha mdomo. Baadhi ya dawa za sonona, za mzio na za kibofu hukausha mate, na vidonge vya kukojosha navyo huweza kufanya hivyo. Mate ndiyo yanayoosha meno. Kunywa maji kidogo kidogo, tafuna jojo isiyo na sukari, na usinyonye peremende kutwa.
- Dawa za kuzuia damu isigande, kama warfarin au apixaban. Usiziache kwa ajili ya kung'oa jino bila kuambiwa na anayekutibu. Kama ni warfarin, nenda na kitabu chako cha vipimo.
- Dawa za mifupa, kama alendronic acid au sindano ya denosumab. Mwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa chochote, kwa sababu kidonda cha taya kinaweza kukataa kupona.
- Pampu ya pumu yenye steroidi. Sukutua kwa maji na uteme kila baada ya kuvuta, la sivyo fangasi watakuzoea.
- Vali ya moyo ya bandia, au moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Baadhi yetu tuliipata homa hiyo utotoni Afrika Mashariki. Tangu 2008 mwongozo wa Uingereza hautaki kila mgonjwa wa namna hii apewe antibiotiki kabla ya kazi ya meno, lakini daktari wa meno lazima ajue, na daktari wako wa moyo aulizwe. Usimeze antibiotiki uliyoletewa kutoka nyumbani.

Siku ya miadi, kula na umeze dawa kama kawaida isipokuwa umeelekezwa vinginevyo. Omba saa ya asubuhi baada ya kifungua kinywa, na ubebe mashine ya kupimia na kitu kitamu cha kuinua sukari ikishuka.

## Kazi ya kila siku

1. Mara mbili, dakika mbili. Usiku kabla ya kulala ni lazima, na wakati mmoja mwingine wa siku.
2. Mswaki laini, uelekee ufizi. Uinamishe pale jino linapokutana na ufizi, uzungushe taratibu. Kusugua kwa nguvu kama unaosha sufuria kunazirudisha fizi nyuma.
3. Dawa ya meno yenye floraidi. Tafuta namba kati ya 1350 na 1500 ubavuni mwa tyubu. Za bei rahisi za dukani huwa nayo.
4. Tema, usisukutue. Ukisukutua kwa maji unaiondoa floraidi uliyoinunua. Wengi tumefundishwa kinyume, na hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi.
5. Safisha katikati ya meno kila siku. Vibrashi vidogo vya kupitisha kati ya meno hufaa kuliko uzi pale palipo na nafasi. Mwombe daktari akuchagulie ukubwa, kwani mara nyingi mtu mmoja huhitaji saizi mbili au tatu.
6. Badilisha mswaki kila baada ya miezi mitatu, au mapema ukianza kuchanua.

Mswaki wa mti ni mzuri, nao una heshima yake. Lakini ni vigumu kufika nao nyuma ya magego na katikati ya meno. Utumie mchana, na usiku shika mswaki wenye dawa ya floraidi.

## Chai, tende na tambuu

Sisemi uache kaimati sikukuu. Meno hayaangalii tu wingi wa sukari, yanaangalia ni mara ngapi inaingia. Anayekunywa chai ya sukari vikombe sita, kimoja kila baada ya saa mbili, anayatia meno kwenye asidi kutwa nzima. Uingereza inamshauri mtu mzima asizidishe gramu 30 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Kopo moja la Coca-Cola la mililita 330 lina gramu 35.

- Kusanya vitamu wakati wa mlo. Katikati ya milo kunywa maji, au chai bila sukari.
- Punguza sukari ya chai kijiko nusu kila wiki. Ulimi huzoea.
- Tende moja au mbili ni futari, bakuli zima ukitazama televisheni si futari. Tende hunata kwenye meno, kwa hiyo kunywa maji baada yake.
- Ukilazimika kula kitamu usiku kwa sababu sukari imeshuka, ukile bila kuchelewa. Hali ikitulia, sukutua kwa maji na upige mswaki.

Sasa tambuu, na hapa nakusihi. Popoo peke yake, hata bila tumbaku, imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ukiitia tumbaku hatari inaongezeka. Kuitafuna "kidogo tu baada ya chakula" kila siku kwa miaka 30 si kidogo. Popoo pia hukaza nyama ya mashavu, hata mtu akashindwa kufungua mdomo vizuri. Kuberi na ugoro viko njia hiyohiyo.

Ukiwa na kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, uvimbe usioeleweka, au doa jekundu au jeupe, mwone daktari wa meno au GP. Usingoje liume.

## Mwezi wa Ramadhani

Kila mwaka swali ni lilelile: je, mswaki hauharibu funga? Kama unahofia, tatizo lina ufumbuzi mwepesi. Piga mswaki baada ya daku kabla ya adhana, na tena kabla ya kulala. Mchana tumia mswaki wa mti kama ulivyozoea, au muulize sheikhe wako. Panga miadi ya kusafishwa fizi kabla ya Ramadhani ili usije ukaipuuza mwezi mzima. Mwenye sukari azungumze na nesi wake wiki kadhaa kabla kuhusu kufunga na dawa. Lakini usiliache jino bovu likungoje mpaka Idi.

## Kumpata daktari na kujua bei

Huna haja ya kukaa jirani na kliniki. Tofauti na GP, daktari wa meno wa NHS hafungwi na mtaa wako. Ukikosa Stanmore, jaribu Edgware, Harrow, Kenton au Wembley. Tafuta kwenye tovuti ya NHS, piga simu kadhaa, uliza kama wanapokea watu wazima wa NHS, na uombe kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Jino likiuma sana na huna daktari, piga 111.

Bei za NHS nchini England ziko katika madaraja matatu. Tangu Aprili 2025 zilikuwa hivi, na huwa zinapitiwa kila Aprili, kwa hiyo hakikisha:

- Daraja la kwanza, pauni 27.40: uchunguzi, picha, ushauri, na kukwangua ugaga ikihitajika. Huduma ya dharura ni bei hiyohiyo.
- Daraja la pili, pauni 75.30: kuziba, kung'oa, kutibu mzizi, na kusafisha fizi kwa kina.
- Daraja la tatu, pauni 326.70: kofia za meno, madaraja ya kuunganisha meno, na meno ya bandia.

Unalipa mara moja kwa mzunguko mzima wa tiba. Ukizibwa meno matatu katika mzunguko mmoja hulipi mara tatu. Kabla ya kukubali, uliza: "Hii ni ya NHS au ya binafsi?" na uombe mpango wa matibabu kwa maandishi.

Mtego unaowanasa wazee wetu: ukifika miaka 60 dawa za GP ni bure England, na ukiwa na cheti cha sukari dawa ni bure pia. Vyote viwili havifuti ada ya meno. Ukiweka tiki mahali pasipo pako kwenye fomu, unaweza kutozwa faini ya hadi pauni 100 juu ya gharama yenyewe.

Wanaotibiwa bure ni pamoja na watoto chini ya miaka 18, wanafunzi wa muda wote chini ya miaka 19, wajawazito na waliojifungua ndani ya miezi 12, na wenye Pension Credit ya sehemu ya Guarantee. Wenye Universal Credit si wote, kuna kiwango cha kipato. Mwenye kipato kidogo asiye katika orodha ajaze fomu HC1. Akikubaliwa hupewa cheti cha HC2 cha msaada kamili, au HC3 cha msaada wa sehemu.

## Pingamizi ninazozisikia

"Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, kwa hiyo nimepaacha pale." Ndipo hasa unapopaswa kusafisha. Ikiwa damu imetokana na ukoga, ukisafisha kwa upole kila siku hupungua baada ya siku chache. Isipopungua, nenda ukaonekane.

"Afadhali waning'oe yote nipumzike." Ukipoteza magego unaanza kula laini: mkate mweupe, uji wenye sukari, wali uliolegea. Mboga, njugu na nyama vinakushinda, na sukari inapanda. Meno yako ni sehemu ya mlo wako wa sukari. Kung'oa kuwe neno la mwisho.

"Mimi ni kibogoyo, hayanihusu." Yanakuhusu. Vua meno ya bandia usiku, yasugue kwa brashi na sabuni, usitumie maji ya moto. Fizi na ulimi vikaguliwe kila mwaka, kwani saratani ya mdomo haihitaji jino.

"Nitatibiwa nikienda nyumbani, ni rahisi." Wapo madaktari hodari Mombasa na Dar. Lakini fizi hazitibiwi kwa safari moja. Zinasafishwa, zinangojwa miezi kadhaa, zinapimwa tena. Ukitibiwa huko, rudi na picha na maelezo ya kilichofanywa.

"Niliambiwa nirudi baada ya mwaka." Muda wa kurudi unapangwa na hatari yako, kuanzia miezi 3 hadi miezi 24 kwa mtu mzima. Mwenye sukari na fizi mbovu aulize: "Kwa hali yangu, nirudi lini?"

## Usisubiri kesho

Nenda A&E mara moja, au piga 999, ukiwa na uvimbe wa mdomo, uso au shingo unaokufanya ushindwe kupumua, kumeza, kuzungumza au kufungua jicho. Uvimbe wa shavu wenye homa kwa mgonjwa wa sukari si wa kubandika kitambaa cha chumvi usiku kucha. Piga 111 saa hiyohiyo.

## Anza wiki hii

1. Leo usiku: piga mswaki, tema, usisukutue.
2. Kesho: andika karatasi yako, au mwandikie mama au baba yako.
3. Kabla ya Ijumaa: piga simu kwa daktari wa meno.
4. Ukaguzi ujao wa sukari: ukishavua soksi nesi akague miguu, mwambie na habari za mdomo.

Namkumbuka mzee wangu mmoja aliyeingia kliniki ya sukari miaka mingi, kila mara akionyesha nyayo zake safi. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo, naye hakujua kuwa inafaa kusema. Alipokuja kusema, meno sita yalikuwa yameshakwenda. Yaliyobaki yalitibiwa fizi, na anayatafunia mpaka leo. Kilichoyaokoa ni sentensi moja aliyoitamka katika chumba ambacho hakuna aliyemuuliza.